Neno Moja Nililomwongezea Babu

Jumatatu, 3 Juni

Blogu ya darasa ina wiki tatu. Msomaji wangu ni mmoja. Mama. Naye aliifungua kwa bahati mbaya, alikuwa anatafuta hali ya hewa. Kamusi, yule wa dawati la mbele anayesema “aidha” hata akiazima kalamu, anao arobaini na mmoja! Mwalimu katangaza kwamba makala itakayopata wasomaji wengi itasomwa ukumbini siku ya wazazi. Mada ya wiki: kumbukumbu. Kamusi atanitambua.

Jumanne, 4 Juni

Nimeandika kuhusu duka la babu la ushonaji. Nilidhani nitahangaika. Wapi! Nilikuwa na miaka minne, nalala chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, kanyagio linanibembeleza. Tika-tika-tika. Babu tepu shingoni, chaki nyuma ya sikio. Mteja akiuliza suruali itakuwa tayari lini, jibu ni Ijumaa. Akiuliza Ijumaa ipi, babu anajifanya kiziwi.

Nimeisoma tena, nikajipongeza. Lakini ilikosa chumvi. Nikaongeza neno moja tu: marehemu.

Babu ni mzima kabisa. Yuko chumba cha nyuma. Leo asubuhi kanigombeza kwa kumaliza sukari.

Jumatano, 5 Juni

Wasomaji mia moja na tisini! Kamusi kanipa mkono, kasema aidha niwape pole familia. Nikainamisha kichwa. Mwalimu kanisamehe jaribio la hisabati. Marehemu ana baraka zake.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Mzee aliyekuwa akiuza vifungo jirani na duka la babu ameiona makala kwenye simu ya mjukuu wake. Kaandika chini yake: msiba uko wapi? Kamusi kamwelekeza nyumbani kwetu. Nikataka kuifuta. Nikatazama idadi: mia mbili na thelathini. Kidole kikagoma.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi kutoka shule nikakuta wazee sita mlangoni kwetu, makoti yote kashona babu. Aliyewafungulia ni babu mwenyewe, kavaa fulana. Muuza vifungo akashika ukuta. Babu akauliza nani kafa. Shangazi, anayemtunza babu, akaisoma makala kwenye simu ya mgeni, kisha akanitazama. Wote wakanitazama.

Babu akawageukia wenzake: “Kwa hiyo mlikuwa mnasubiri nife ndiyo mje kunisalimia?”

Maduka yao yalipobomolewa kila mtu alishika njia yake, ikawa miaka kumi na miwili. Mmoja wao, fundi viatu, ndiye aliyecheka wa kwanza, huku akilia. Wakaketi. Babu akamvua mmoja koti, akaukagua mshono, akatukana mkono wake mwenyewe. Wakakumbushana mvua iliyoingia dukani, na bwana harusi aliyeondoka na suruali ya mtu mwingine.

Nikaamriwa kuisoma makala kwa sauti. Nilipofika kwenye cherehani babu akainua mkono nisimame. Akafuta miwani. Akafuta tena. Kisha akasema pasi haikuwa kulia kama nilivyoandika, ilikuwa kushoto, niendelee.

Walipoondoka alikaa langoni mpaka wa mwisho akapotea kwenye kona. Nilisubiri kofi. Akasema tu: “Lile neno litoe. Mengine yaache.”

Jumamosi, 8 Juni

Nimelitoa, na nimeomba radhi hadharani. Mwalimu kanifuta kwenye shindano. Ataka tafakari: zoezi la blogu limenifundisha nini? Nimejaza kurasa mbili kuhusu ukweli. Ukweli ni taa, ukweli ni nguzo. Niliguswa mwenyewe.

Wasomaji: watatu.

Watatu! Na Kamusi kafika mia!

Asubuhi hii shangazi kakohoa mara mbili. Siwezi kuandika kwamba ni mgonjwa, huo utakuwa uongo, nami nimebadilika. Nimeandika kichwa tu: “Siku za Mwisho za Shangazi.” Za mwisho wa mwezi. Nitafafanua huko chini kabisa.