Sukari Ndani ya Bomba

Jumatatu, 4 Machi
Mtihani wa kuchomelea ni Alhamisi. Nimepiga moyo konde. Kiwanda cha maziwa kinataka fundi mmoja tu wa mabomba ya stenlesi, mwenye cheti, na kiwanda kiko mtaa wa pili kutoka hapa nyumbani. Nikikosa, narudi kambini kwenye ujenzi, mbali, nije kuiona familia mara mbili kwa mwaka. Jana binti yangu alimwambia mama yake kwamba yule mgeni amemaliza maji ya kuoga. Mgeni ni mimi. Nilicheka mbele yao. Baadaye nilikaa bafuni peke yangu kwa muda.

Mpinzani wangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Hana mke, hana mtoto, anaweza kwenda kokote na begi lake. Lakini ameing'ang'ania kazi ya mtaani kwangu. Mpole mno. Mtu mpole kiasi hicho ana lake jambo.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi karakanani. Bomba hufungwa kwenye fremu, halizungushwi. Fundi ndiye anayelizunguka, hadi kulala chali chini yake. Shemeji alinishauri nipunguze moto nikifika upande wa chini. Nikamjibu kwamba nilianza kazi hii yeye akipigwa chenga na kamasi zake. Alipoondoka nikapunguza moto. Mshono ukatulia. Nikazidi kumchukia.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata njia! Stenlesi hudeka. Kabla ya kuichomelea unaziba ncha zote mbili za bomba kwa utepe, unajaza gesi ya agoni ndani ili kuifukuza hewa. Hewa ikipenya, mshono unaungua kwa ndani na kuota punje nyeusi. Mafundi tunaziita sukari. Kwa nje huoni kitu. Mkaguzi akilipasua bomba ndipo anaziona, na hapo umefeli.

Basi, utepe wa shemeji utalegea kidogo. Nani atamlaumu mtu kwa utepe?

Mke wangu aliniuliza natabasamu nini. Nikamwambia nina imani na mikono yangu. Akaishika yote miwili, akasema hata yeye anayo. Niliona haya. Mpango uko palepale.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji alipokwenda kunawa, niliubandua utepe wake kwa nyuma, nusu tu. Akarudi, akachomelea bila wasiwasi.

Tukaweka kazi zetu mezani, tukaambiwa tutoke. Nikarudi, eti nimesahau kofia. Nikazitazama. Mshono wangu ulipanda na kushuka. Wa shemeji ulilala sawasawa pande zote, rangi ya dhahabu. Akilini nilimwona binti yangu akinifungulia mlango na kuniuliza namtafuta nani.

Kila bomba lina kibati cha namba kilichofungwa kwa waya. Nilikuwa na koleo mfukoni. Nikavibadilisha.

Nilifika getini ndipo nikaukumbuka utepe. Bomba nililojipa ndilo lile nililoliharibu mwenyewe. Nikakimbia kurudi. Mlango umefungwa, msumeno wa mkaguzi unalia ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefeli. Sukari tupu. Shemeji amefaulu kwa bomba langu. Mkaguzi alisema nje halivutii, lakini ndani ni safi kabisa, kazi ya mtu mwenye subira. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani, na sifa zimekwenda kwa mwingine.

Mke wangu alilishusha begi langu kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji alikuja, tukakaa uani. Akasema fundi anaujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake, na ule uliokuwa na namba yangu ulikuwa wake. Akasema pia kwamba utepe haujibandui.

Asubuhi alikuwa amekwenda kwa mkaguzi kusema kwamba ni yeye aliyechanganya vibati alipokuwa akipanga kazi mezani. Mkaguzi amefoka, amefuta majibu ya wote wawili. Mimi nitarudia Jumanne. Yeye harudii, anakwenda kambini. Alisema dada yake amelia vya kutosha, na mimi sina la kufanya ila kuchomelea vilevile nilivyochomelea. Nililia mbele yake, machozi ya kweli.

Jumapili, 10 Machi
Begi limerudi juu ya kabati. Leo binti yangu ameniita baba, mara moja, alipotaka nimfungulie chupa.

Usiku kucha nimejihoji. Mtu hawezi kuishi hivi. Lazima nibadilike. Na kosa langu nimeliona waziwazi: nilibadilisha vibati bila kuchungulia ndani ya mabomba.

Jumanne nitafanya mtihani meza moja na fundi mmoja mwanamke. Nasikia ana mkono mzuri ajabu. Nimeazima kurunzi ya mama mkwe.