Moshi Umejaa, Kengele Kimya

Leo nimejiaibisha, jamani. Sikusingiziwa, sikusukumwa. Nimejiaibisha mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya kiti, na mashahidi ni ploti nzima ya wapangaji.

Wacha niwaeleze kabla hamjaisikia kwa jirani yangu Ekiru, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua mimi na kengele yangu ya moshi. (Kwa msioijua: ni kile kidude cheupe cha mviringo kinachobandikwa darini. Kikinusa moshi, kinapiga kelele.) Niliinunua baada ya nyumba ya nyuma yetu hapa Chechelesi kushika moto. Jiko la makaa liliachwa karibu na pazia, watu wakalala. Walitoka salama, lakini tangu siku hiyo nikawa nalala nikinusanusa kama paka. Basi nikatazama video, nikasoma kijitabu cha maelezo mpaka karatasi zikalegea, nikaifunga mwenyewe. Sijasomea umeme popote. Ninayojua nimejifundisha, na kwa sababu hiyo huwa nakagua kila kitu mara mbili, halafu nakagua kama kweli nilikagua.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kengele yangu peke yake inaniamsha mimi tu. Moto ukianzia kwa jirani, nitajua ukiwa umeshafika kwangu. Kwa hiyo nimemsumbua mwenye ploti, Mama Guyo, miezi na miezi: tuweke kila nyumba. Juzi akanishika mlangoni.

"Kendi, Jumamosi utuonyeshe hiyo kitu yako. Ikifanya kazi, nitaweka kwa kila nyumba na wewe ndio utafunga. Isipofanya, usiniambie tena mambo ya moshi. Sawa?"

"Sawa, mama."

Nani alilala tangu hapo? Si mimi.

Leo asubuhi nikafagia, nikapangusa kuta, nikapanga viatu kwa ukubwa. (Viatu havihusiani na moshi, najua.) Vumbi la Isiolo mnalijua: unapangusa meza, ukigeuka kutundika kitambaa, meza imesharudi kuwa ya kahawia. Lakini kengele yangu haikuwa na chembe ya vumbi. Iling'aa vilevile kama siku niliyoitoa kwenye boksi. Nilijivunia hilo kuliko nilivyojivunia mtihani wowote.

Watu wakaja. "Salaam aleikum," Mama Guyo akapiga hodi, akaketi kitandani pamoja na mama yake mzazi, ambaye sote tunamwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Akko ametoka Biliqo kumtembelea bintiye. Kiswahili anakielewa vizuri, lakini kukiongea hataki. Ekiru, ambaye huuza makaa kando ya barabara kule Ngaremara, akasimama mlangoni. Wengine wakajaza dirisha.

"Ingia ndani, Ekiru," nikamwambia.

"Hapa ni sawa, fundi. Ikilipuka, mimi niko karibu na barabara."

Nikaanza hotuba. (Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ndiyo.) Nikawaambia kengele haiwekwi juu ya jiko, la sivyo italia kila siku ya chapati. Haiwekwi kwenye kona, huwekwa katikati ya dari, kwa sababu moshi hupanda kwanza ndipo husambaa. Kila wiki unabonyeza kitufe kusikia kama inalia. Unaisafisha kwa brashi laini. Na ukisikia inatoa "tiip" moja, inanyamaza, kisha "tiip" tena, huyo si mdudu wala si jini. Ni betri inakufa. Badilisha.

"Hiyo betri inaingia kwa redio?" Ekiru akauliza.

"Inaingia. Lakini usiitoe."

"Mimi nimeuliza tu."

Dirisha zima likacheka, maana redio ya Ekiru kila mtu anaijua, na betri zilizopotea kwenye ploti hii pia kila mtu anazijua.

Nikapanda kiti, nikabonyeza kitufe. Piiiiii! Mama Guyo akaruka. Akko akashika kifua, "Astaghfirullah!" Watu wakapiga makofi. Marafiki, mambo yalikuwa yamekwisha. Ningeshuka pale, nishike mkono wa Mama Guyo, nikachemshe chai.

Lakini Ekiru hakuridhika.

"Hiyo ni ya kidole. Ya moshi je?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema: "Leteni moshi wowote mnaotaka."

(Sentensi hiyo itanifuata mpaka kaburini.)

Akko akainuka. Akaenda kwa bintiye, akarudi na chicho yake na kijiti chenye kaa la moto. Hicho ni chombo cha maziwa cha Kiborana, kilichosukwa kikakazwa. Kabla ya kutia maziwa, unakifukiza ndani kwa kijiti kinachowaka, maziwa yakae vizuri na yanukie. Sasa hakuna mtu duniani anayejua kutengeneza moshi kama bibi aliyefukiza chicho maisha yake yote. Alipuliza kijiti mara moja tu. Moshi ukapanda ukiwa mweupe, mzito, ukiniendea moja kwa moja juu ya kichwa.

Nikainua mkono kama mwalimu wa kwaya, tayari kuupokea mlio.

Kimya.

"Inapima kwanza," nikasema.

Akko akaongeza. Moshi ukaizunguka kengele, ukaikumbatia kabisa. Kimya.

"Kendi," Mama Guyo akasema, akikohoa, "imelala?"

"Hapana, mama. Hizi za kisasa ziko na akili. Inajua huu si moshi wa moto mbaya." (Nilitunga uongo huo palepale. Hakuna kengele inayofanya hivyo. Msiniige.)

"Kwa hivyo inachagua moshi?" Ekiru akauliza. "Basi anayetaka kutuchoma aje na moshi mzuri tu."

Macho yalikuwa yanawasha, dirisha zima linakohoa, lakini hakuna aliyeondoka. Wakenya hatuondoki kwenye aibu ya mtu mpaka iishe.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakujua habari ya maonyesho. Mama Makena, wa nyumba ya mwisho, alikuwa ndio anatoka sokoni. Akaingia getini, akaona moshi unatoka dirishani kwangu na watu wamejazana. Mama huyo hakuuliza. Nilisikia tu, "Moto! Moto kwa Kendi! Wuui!" Kisha umati wa mlangoni ukapasuka na beseni likaingia.

Maji yote yalinipata mimi. Yalikuwa ya kufulia, yaliyoachwa uani, yenye sabuni, na soksi ya mtoto ikanitua begani ikakaa pale. Yaliyobaki yakaenda kitandani. Akko alikuwa wima, chicho mkononi, hata tone halikumgusa.

"Moto uko wapi?" Mama Makena akauliza, akihema.

"Hakuna moto," Ekiru akamwambia. "Ni Kendi anatuonyesha mashine ya kutuambia kuna moto. Lakini wewe umewahi kuliko mashine."

Hapo ndipo watu walipoanza kucheka mpaka machozi. Mimi bado nilikuwa juu ya kiti na soksi begani. Nikajiambia, Kendi, usilie, tafuta kosa. Betri? Imelia kwa kitufe. Mahali? Katikati ya dari. Matundu ya kuingizia moshi? Safi, hayana vumbi hata kidogo.

Akko, aliyekuwa amesimama chini yangu akiangalia juu, akasema kitu kwa Kiborana. Mama Guyo akaacha kufuta macho.

"Mama anauliza kwa nini hiyo kitu imevaa nailoni."

Nikatazama.

Marafiki, ilikuwa imevaa nailoni.

Ile nailoni ya kiwandani, nyembamba, angavu, inayokuja na kitu kipya. Si kwamba sikuiona. Niliiona siku ya kwanza, nikaiacha makusudi. Kwetu Meru hatukuwa tunatoa nailoni. Rimoti ilikaa na nailoni mpaka namba zikafutika chini yake. Viti vya sebuleni vilikaa na nailoni mpaka vikachukuliwa na shangazi, vikaenda na nailoni yao. Kitu kikivuliwa nailoni kinaanza kuzeeka. Nikajisemea, na hili vumbi letu, acha ibaki, itajikinga. Kumbe nilikuwa nimeiziba pua. Na kila wiki nilipobonyeza kitufe juu ya nailoni, ililia vizuri, kwa sababu kitufe kinapima betri na kelele tu. Hakipimi kama moshi umepata njia ya kuingia.

Nikaibandua. Krrrrr. Sauti hiyo ya nailoni ikitoka, chumba kizima kiliisikia, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kuisikia.

Sekunde chache tu. Kisha kengele ikalia.

Haikulia kama ya kitufe. Ililia kama iliyokuwa imenyimwa kusema tangu inunuliwe. Ekiru alikuwa barabarani kabla sijageuka. Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mama Makena akarudi mbio kuchota maji mengine, ikabidi ashikwe. Tukafungua kila kinachofunguka, tukapunga leso na kanga, ndipo ikakubali kunyamaza.

Nikashuka. Nikasimama mbele ya Mama Guyo nikichuruzika maji ya sabuni. Nilishajua jibu. Nikamwahidi mwenyewe kabla hajasema: "Mama, sitakusumbua tena na mambo ya moshi."

Mama Guyo alikuwa amekaa kwenye kitanda kilicholowa bila kujali, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Nailoni! Wewe mtoto! Viti vyangu pale nyumbani viko na nailoni mpaka leo. Jua likiwaka, ukiinuka ngozi inabaki kwa kiti."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nini? Imelia ama haijalia?"

"Imelia."

"Basi weka kwa kila nyumba. Lakini kila moja utaitoa nailoni nikiona na macho yangu. Na usiniletee maneno ya kitufe. Mama atapita na chicho chini ya kila moja. Ikinyamaza, inarudi dukani."

Akko akaongeza neno kwa Kiborana. Wote wanaoelewa wakaanguka kwa kicheko. Nimeuliza mara mbili alisema nini. Hakuna anayetaka kunitafsiria.

Kwa hiyo nimepata kazi, na nimepata mkaguzi.

Sasa hivi godoro liko juani, nyumba inanukia maziwa, na nimekaa hapa naitazama kengele ikiwa uchi. Kuaibika kutapita. Kinachonikosesha raha ni kwamba miezi yote hiyo nilikuwa nimeacha kunusanusa. Nililala fofofo, nikikoroma chini ya kitu kisichoweza kunusa chochote.

Chekeni, nimewaruhusu. Ila kabla hujanitumia emoji za kucheka, panda kiti kwanza uangalie yako.