Arobaini na Saba Mara Thelathini na Sita

Akina mama, leo nimeumbuka. Na si kuumbuka kidogo. Nimeumbuka mchana peupe, mbele ya Darasa la Nne zima, mwalimu wao, na Mtukufu Rais mwenyewe (yule wa pichani, juu ya ubao). Songeni karibu niwaambie kwa mdomo wangu, kabla watoto wenu hawajawasimulia habari iliyotiwa chumvi.

Mambo yalianza jana jioni. Jebet wangu alirudi kutoka shule analia. Nikaacha cherehani.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna. Mwalimu Wafula amesema nirudi Darasa la Tatu. Ati sijui kuzidisha."

Mtoto wangu! Arudishwe nyuma kama ndama aliyekosea zizi!

"Kwani ulizidisha vipi?"

"Vile ulinionyesha, Mama. Nikaanza na makumi. Mwalimu anataka tuanze na mamoja."

Basi damu ikanichemka. Mnajua mimi nilisomea Burnt Forest, na kule tulifundishwa kuzidisha kuanzia upande mkubwa. Makumi kwanza, mamoja baadaye, halafu unajumlisha. Ugali ukianza kuumega kushoto au kulia, si unashiba tu? Sikumuuliza Jebet swali lingine. (Mama mwenye hasira hana maswali, ana majibu tu.)

Leo asubuhi sikufungua kazi. Baridi ya Eldoret mmeiona wenyewe, kwa hivyo nikavaa sketi yangu ya buluu, na ndani petikoti nyeupe ya lesi, ile ndefu. Lastiki yake ilichoka zamani. Inashikwa na pini, na pini yenyewe ina kutu. Ndiyo, mimi fundi wa nguo! Nusu ya mtaa wetu wa Munyaka inatembea na kazi ya mikono yangu, lakini petikoti yangu inashikwa na pini. Fundi gani mnamjua anayejishonea?

Nilikuta watoto wakinywa maziwa ya shule, kila mmoja na pakiti yake. Mwalimu Wafula alikuwa mbele, tai imenyooka, amechana nywele vizuri. Kijana mwenye heshima, siwezi kumsingizia.

"Karibu, Mama Jebet."

"Sikuja kukaribishwa, Mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya hesabu."

Jebet akainamisha kichwa mpaka nikaona mgawanyo wa nywele zake tu.

"Mama," Mwalimu akasema polepole, "hapa tunaanza na mamoja. Mtoto akianzia juu atachanganyikiwa kwenye mtihani."

"Kutoka Yamumbi kuja mjini kuna njia ngapi?"

"Ziko kadhaa."

"Na watu hawafiki?"

Watoto wakacheka kidogo. Mimi nikavimba. (Hapo ndipo ningeaga niende zangu. Lakini nani aliwahi kuondoka akiwa anashinda?)

Mwalimu akatabasamu, akaandika ubaoni: 47 mara 36. Akaninyooshea chaki. "Ndiyo hesabu ya jana. Tuonyeshe hiyo njia yako, Mama."

Nikashika chaki. Ubao wenyewe uko juu kama dari, na mimi mnaniona kimo changu. Nikasimama kwa vidole, nikanyoosha mkono, nikasikia ta! Nikadhani ni chaki imevunjika.

Haikuwa chaki.

"Arobaini na saba mara thelathini," nikasema kwa sauti ya hedimasta. "Elfu moja, mia nne na kumi!" Nikaandika. "Sasa tunarudi kwa sita. Saba mara sita..."

Kicheko. Kimoja nyuma, kingine dirishani, kisha darasa zima. Nikageuka.

"Mnacheka nini? Saba mara sita si arobaini na mbili?"

"Ndiyo, Mamaaa!" wakajibu wote kwa pamoja, na kucheka kukazidi. Mtoto mmoja wa mbele maziwa yalimtoka puani.

Nikarudi ubaoni. Nikaikagua kazi yangu. Safi! Mbili naandika, nne nabeba. Nne mara sita ishirini na nne, na nne niliyobeba, ishirini na nane. Wanacheka nini hawa?

Mwalimu akakohoa. "Mama Jebet. Tafadhali angalia chini."

"Chini sijafika, Mwalimu. Usiniharakishe."

"Sio hapo, Mama. Chini kabisa."

"Chini kabisa ndipo jibu litakaa! Hata wewe ungengoja!"

Maskini akageuka akatazama dirishani, mabega yanamtetemeka. Ndipo nikasikia sauti nyembamba ya mtoto wangu: "Mama... miguuni."

Nikatazama.

Woi! Petikoti yote, lesi na pini, imezunguka viatu vyangu kama maziwa yaliyofurika sufuria! Na nilikuwa nimesimama hivyo tangu elfu moja mia nne na kumi!

Sasa niambieni, wewe ungefanya nini? Kukimbia? Miguu imefungwa, ningeanguka na hiyo ingekuwa habari ya pili. Kulia? Mbele ya watoto? Kuipandisha? Ningeinua sketi niende wapi, na Mtukufu Rais ananitazama? (Hilo la Rais libaki hapa kati yetu. Siku hizi hata ukuta una masikio.)

Nikatoa mguu mmoja. Nikatoa wa pili. Nikainama polepole kama mtu anayeokota leso yake, nikaichukua. Kuinuka, naona mkono wangu umepaka chaki juu ya ile 282, haisomeki. Natafuta cha kufutia ubao, sikioni. Nikafuta na petikoti.

Jamani! Darasa lilipasuka. Watoto walipiga madawati. Mmoja aliteleza kutoka kitini akabaki sakafuni.

"NYAMAZENI!" nikapaza. "Hizo kaptula mmevaa, hizo sketi, nani alizitia lastiki? Si ni mimi? Mwenye kuamini yake sana asimame aruke tumwone!"

Nikaona mikono inashika viuno, mmoja baada ya mwingine. Hata Mwalimu aligusa mshipi wake.

Nikaandika 282 upya. Nikajumlisha. Elfu moja, mia sita tisini na mbili! Nikapiga mistari miwili chini yake mpaka ubao ukalia.

"Weka vema, Mwalimu."

Akaweka. Kubwa, ya heshima. "Jibu ni sahihi, Mama. Na njia nimeifuata, haina kosa." Watoto wakapiga makofi. Akina mama, nilisahau baridi. Nilisimama pale petikoti mkononi kama bendera.

Kisha akauliza kwa upole: "Jebet, jana wewe ulipata ngapi?"

Jebet akasimama. "Elfu moja mia sita... themanini na mbili."

Themanini! Si tisini. Themanini!

"Ulisema ni kwa sababu ulianza na makumi!" nikamwambia.

"Nilisema nilianza na makumi, Mama. Hukuuliza jibu."

Petikoti ilipoanguka niliona aibu ya miguu tu. Hii ilinipanda mpaka masikioni. Nimevuka mji kwa hasira, nimevuliwa nguo na pini, kumtetea mtoto aliyekosa! Lakini kurudi nyuma sijui.

"Mwalimu," nikasema, "alibeba tatu mahali pa nne. Hilo ni kosa la kubeba, si la kuanza. Mwite hapa. Akikosa tena, nitampeleka Darasa la Tatu kwa mkono wangu."

Mwalimu akafikiri. Akaandika nyingine, ngumu kushinda ile. Jebet akaja, akachukua chaki. Akaanza na makumi. Hakuna aliyecheka. Mimi nilibana petikoti ile kifuani mpaka pini ikanichoma kidole, na sikusema "ai." Akabeba, midomo ikimchezacheza. Akajumlisha. Akaangalia tena. Akaweka chaki chini.

"Sahihi," akasema Mwalimu Wafula. "Kaa mahali pako, Jebet. Hapa hapa, Darasa la Nne." Akanigeukia. "Na asante, Mama. Leo hakuna atakayesahau kubeba."

Nikakunja petikoti, nikaitia kwa kiondo, nikatoka kichwa juu. Upepo ukaingia chini ya sketi ukanikumbusha kilichokosekana, lakini sikuharakisha mwendo.

Jebet alipofika nyumbani alisimama mlangoni. Akasema, "Mama, tafadhali, usikuje shuleni tena."

Nikamwambia, "Nitakuja. Na siku hiyo nitavaa suruali ya baba yako."