Malalamiko Juu ya Kura Iliyonitenga na Isaya

Endabash, Karatu
Agosti 2004

Kwa Daktari Wilibrodi,
Mkuu wa Utafiti wa Saratani ya Mapafu

Tumsifu Yesu Kristo, Daktari. Mimi ni Bartolomeo, yule mzee mrefu uliyemkata pande la pafu la kulia baada ya Pasaka. Kidonda kimepona na kilima napanda bila kusimama. Ahsante sana. Shukrani zimekwisha, sasa ugomvi.

1. Kura. Ulitupasua mimi na jirani yangu Isaya, wote kwa saratani ileile. Kisha ukasema kuna vidonge vipya, ila bado hamjui kama vinazuia ugonjwa usirudi. Kwa hiyo wagonjwa wengine wavimeze, wengine wasimeze, mlinganishe. Nani apate, kompyuta ipige kura. Ikanipa mimi, ikamnyima Isaya. Daktari, kompyuta hiyo kwao wapi? Huku hata mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na watu wanaomjua.

2. Kugawana. Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wangu wengine wako kwa Isaya, na wake wengine wako kwangu, ili ugonjwa ukiingia usimalize nyumba. Sasa nipewe dawa ya kifua, niifungie kabatini, huku nikimsikia Isaya akikohoa ng'ambo ya ua? Ningekuwa mtu wa namna gani? Nilimgawia. Vidonge vya siku ni viwili, basi kimoja changu, kimoja chake. Kila asubuhi alipita kukichukua akienda shambani.

3. Kufukuzwa. Niliporudi kliniki uliniuliza kama nameza vyote, nami nikakueleza kwa fahari. Nilitegemea pongezi. Lahaula, ulishika kichwa, ukasema nimeharibu utafiti na makundi yote mawili sasa ni makande, mahindi na maharage chungu kimoja. Ukatutoa sote, ukaninyang'anya chupa mbele za watu. Iliniuma, sikufichi. Na ninaogopa, Daktari. Ugonjwa huu ukirudi utanikuta mikono mitupu.

4. Sayansi. Mwenyewe ulisema picha za vifua vyetu ni safi, changu na chake. Maana yake nusu dozi inatosha. Kama nusu inatosha, robo itatosha watu wanne. Nimekwisha kuongea na shemeji zangu wa Qurus, ambao hukohoa kwa moshi wa jikoni tu, nao wako tayari kusaidia sayansi.

5. Kwa hiyo naomba uanzishe Kundi la Tatu, la Majirani, uturudishe humo pamoja na chupa yangu. Kompyuta nayo iletwe Endabash, ilale kwa Isaya wiki moja, imjue mtu inayemnyima.

Nisalimie wodi nzima, hasa Sista Bernadina aliyenifundisha kupuliza puto ili pande la pafu lililobaki lisilale. Hata mpishi msalimie, ingawa chai yake ni maji ya moto.

Mimi mgonjwa wako mdai haki,
Bartolomeo

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Isaya, nikitegemea atapiga makofi. Aliinamisha kichwa. Daktari, hajameza hata kidonge kimoja. Kila asubuhi alikipokea mkononi mwangu, akapita jikoni akampa mke wangu Laurencia, naye akakisaga akakitia kwenye uji wangu wa ulezi wa kila jioni. Miezi yote hii nimemgombeza mama wa watu kwamba ulezi wake ni mchungu.

Nilimuuliza Isaya kwa nini hakukataa tangu mwanzo. Akasema, "Ningekataa, na wewe usingemeza."

Ni kweli, nisingemeza. Basi makundi yako yako salama: mimi nimemeza vyote, yeye hakumeza kitu. Hoja zangu zote zifute, ila ombi la chupa liache. Isaya nimemnunia tangu jana, na ningeendelea kununa, lakini amekaa hapa mlangoni anasubiri barua aipeleke posta.