Nilivyotoka Shimoni Peke Yangu

Jumatatu, 4 Mei
Kitabu cha maisha yangu ya kuchunguza miamba kimefika sura ya tano: siku nilipotumbukia kwenye shimo la volkano. Nimeandika kwamba nilitoka kwa kucha zangu mwenyewe. Imependeza! Kweli, kulikuwa na kamba. Kweli, aliyeivuta ni mwanamke mwenzangu Nyundo, tuliyempa jina hilo kwa jinsi alivyopasua mawe. Lakini kitabu ni changu. Tatizo, mhariri anataka picha, na picha zote anazo Nyundo. Miaka kumi na tisa sijamtembelea.

Jumatano, 6 Mei
Nimekwenda na mapapai mawili, nikasema nimekuja kumjulia hali. Akauliza kwani nani kasema anaumwa. Akacheka, akanikaribisha. Kiganja cha kulia bado kimekunjamana pale kamba ilipomchuna. Chai alimimina kwa kushoto. Baada ya siku ile hakushika nyundo tena. Walimweka ofisini kupanga ramani, mimi nikapewa kuongoza misafara. Sikuuliza kuhusu mkono. Niliuliza kuhusu picha. Akanipa albamu nzima! Ombi lake moja tu: asome sura hiyo kabla haijachapwa. Nikaahidi, nikajikatia kipande cha papai.

Alhamisi, 7 Mei
Dawa nimeipata! Nitaiandika sura hiyo mara mbili. Ya Nyundo itasema kweli tupu: alinikataza kushuka kwa sababu gesi ilikuwa inapanda, nikashuka ili nimtangulie kuokota jiwe, akanivuta huku ngozi inamtoka, asiachie. Ya mhariri itabaki na kucha. Ile ya kweli nimeimaliza asubuhi moja bila kufuta neno. Nimelia mara mbili, nikajiambia ni vitunguu. Sikuwa napika.
Bahasha mbili za kaki. Nimeziziba kwanza, ndipo nikajiuliza ipi ni ipi. Nikakisia. Nimezipeleka posta.

Jumatatu, 11 Mei
Mhariri kapiga simu. Eti sura imemliza, ndiyo roho ya kitabu, na yule mwanamke wa kamba ni shujaa. Wa kamba? Basi Nyundo kapata kucha!

Jumanne, 12 Mei
Nyundo kapiga mwenyewe. Nilikuwa na visingizio vitatu tayari. Sikuvihitaji.
“Umeandika vizuri, dada,” alisema. “Miaka yote hii nilikuwa najiuliza siku ile unaikumbukaje. Sasa nimejua.”
Akanitakia heri. Hapo ndipo ningesema nisamehe. Ni neno moja, na ulimi ninao. Nikasema asante. Akakata. Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikafanya utando.

Alhamisi, 14 Mei
Nimempigia mara nne, hapokei. Nimekwenda kwake. Jirani anasema amehamia kwa binti yake, mbali, na hakuacha ujumbe kwa mtu yeyote. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Ijumaa, 15 Mei
Nimemweleza mhariri yote. Anasema basi kitabu kinadai sura ya msamaha. Kweli kabisa! Nimeiandika leo, kurasa kumi na mbili. Humo nimepiga magoti mlangoni kwa Nyundo, mvua inaninyeshea. Ananiinua, tunakumbatiana, ananiambia hajawahi kuona mwanamke jasiri kama mimi. Nimelia sana kuisoma. Kitabu kikitoka nitamtumia nakala, ajue tulishapatana.