Herufi za Turbo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Lewisville, Texas. Nimeamua. Hadiya nitamwoa, na njia ya kumpata ni pikipiki. Si yangu, mimi hata baiskeli hunishinda. Ni ya babake, Mzee Shamsudin wa mji wa Katy. Mzee hana maneno na vijana, maneno yote ni kwa Honda yake. Jumamosi anaipeleka maonyeshoni Houston, nami nimejitolea kwenda kuiosha. Shuaib pia kajitolea. Shuaib ni nesi, ana nyumba Grand Prairie na meno mazuri. Simpendi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimesoma historia yote ya Honda hiyo kwenye simu, nikisubiri garini wagonjwa wa kubeba. CX500 Turbo! Mwaka 1982 Honda walichukua pikipiki yao ya kistaarabu wakaitia turbo kuiongezea nguvu. Wakaiuza mwaka mmoja tu. 1983 wakakuza injini ikawa 650, kisha wakaachana na mambo hayo. Nikampigia Mzee nikammwagia yote, bila kupumua. Akasema, kijana, kumbe unajua mambo. Mimi! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye paa la gari. Bado panauma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Katy. Shuaib kakwama kazini, alhamdulillahi. Tulipotoka msikitini Mzee kanikabidhi shampuu na matambara, akaenda kulala. Hadiya kaniletea chai. Akaninong'oneza kwamba baba amesema, nikiifanya kazi hii vizuri, wazee wangu wataruhusiwa kuleta posa. Akaniomba nisiguse kitu ila vumbi.

Vumbi tu, nikaapa. Lakini macho yakaona. Bodi ya mbele, herufi kubwa: OBRUT! Na zenyewe zimegeuka, zinatazama kule. Feki! Mimi nimekulia Mombasa, viatu vyangu vya kwanza viliandikwa ABIDAS, feki hainipiti. Masikini Mzee, wamemtapeli, na kesho watu watamcheka. Nikazibandua kwa maji moto na kisu cha siagi. Zilikataa, nikazilazimisha. Nikaenda dukani, nikabandika mpya: TURBO. Safi! Nikaifunika turubai. Wema hautangazwi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Shuaib ndiye aliyefunua turubai. Mzee akatazama. Akakaa chini, pale pale kwenye lami. Jaji, mama mmoja wa Kimarekani, akauliza nani amefanya hivi. Nikanyoosha mkono. Nilidhani ni sifa!

Kumbe kiwanda chenyewe ndicho kilichoandika kinyumenyume, makusudi, ili dereva aliye mbele asome kwenye kioo chake. Kama ambulensi, mama akafafanua. Ya Rabi. Mimi kazi yangu ni kubeba wagonjwa. Ambulensi ziko nyuma yangu kutwa!

Herufi za asili hazikuwepo tena, zilikuwa kwenye pipa la taka, zimekunjamana. Mzee aliitafuta pikipiki hiyo tangu ujana wake Unguja. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Shuaib sasa ananiita Tisabludba. Imenichukua nusu saa kugundua ni Abdulbasit.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda kumuaga Hadiya. Nikapiga magoti kuomba radhi, kiwiko kikapiga simu yake, simu ikaingia kwenye ndoo ya sabuni. Imekufa. Akaiopoa mwenyewe. Akasema niende zangu Lewisville, asilani nisimpigie babake, yeye atanitafuta. Nimelia hadi Dallas.

Alhamisi, 16 Oktoba

Somo limeniingia. Sasa ni mtu mwingine, mwangalifu.

Bahati nzuri! Maana leo umeingia ujumbe kwa namba nisiyoijua. Eti ni Hadiya, ana simu mpya. Eti herufi za asili zimepatikana kwa mtu wa Fort Worth, baba amepoa, hata anacheka. Eti nilete wazee Jumapili hii, nisichelewe, kwa sababu wazee wa Shuaib wameomba kuja Jumapili ijayo na baba anataka jibu moja tu. Na picha juu: Hadiya kajipiga mwenyewe mbele ya kioo, kavaa nguo za kazi, anatabasamu.

Nikaikuza picha. Kitambulisho kifuani. AYIDAH! Na herufi zimegeuka, zinatazama kule.

Feki! Shuaib huyo, na ujanja wake wa kitoto. Nimeifungia namba hiyo moja kwa moja. Sasa nakaa nangoja Hadiya wa kweli anitafute.