Wavuvi Wasiovua wa Ziwa Vermette

Gazeti la mji lilikuwa juu ya friji la ruba wa chambo, na kila aliyelisoma alilirudisha kifudifudi, kama mtu aliyekuta picha yake mwenyewe humo ndani. Nikalichukua nikalisoma kwa sauti, maana kazi hiyo kwenye duka la chambo la Gladys wameniachia mimi, wanayeniita Mabango kwa kupenda maandamano.

"'Halmashauri inakusudia kuufunga mwalo wa umma wa kushushia mashua wa Ghuba ya Mierezi. Daftari lililowekwa pale tangu Mei linaonyesha kuwa waliotumia mwalo huo ni watu wanne tu, na hakuna aliyepata samaki. Leo Jumamosi, saa nne hadi saa sita, karani atahesabu mashua zitakazoshushwa. Zisipofika sita, eneo litakabidhiwa Chama cha Wenye Nyumba za Ufukweni.'"

"Watu wanne!" aliruka Inchi Arobaini. Kanisani anaitwa Lester Haugdahl, lakini tangu amkamate samaki aina ya paiki wa inchi arobaini bila shahidi hata mmoja, jina la ubatizo limekufa. "Huu ni wizi wa mchana kweupe!"

"Wewe uliandika nini kwenye daftari?"

"Mimi? Si nilisaini."

"Jina gani?"

Akakohoa. "La shemeji yangu."

Orrin Boshey alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Huyu tunamwita Daktari wa Mifupa, kwa sababu anamtoa paiki ile mifupa yake yote yenye panda, asibakize hata mmoja. "Shemeji yako yule marehemu?"

"Marehemu hafuatwi ziwani, mzee. Haya, wewe Daktari uliandika nini?"

"Mimi niliandika vizuri kabisa: 'Samaki hakuna, nimeumwa na mbu tu.'"

"Na siku hiyo ulipata nini?"

"Besi kumi na mmoja," alisema kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu. "Watano niliwarudisha majini."

Hasira ikanipanda. "Mnaona mlivyojichongea? Mwaka sabini na nne walifunga mwalo wa mashariki, mkasema si tumebaki na miwili. Themanini na tisa wakaweka geti kwenye ule wa kiwanda cha mbao, mkasema si tumebaki na mmoja. Leo mtasema nini? Wenzenu wa nyumba za ufukweni kila mmoja ana gati mbele ya sebule yake, anaingia ziwani na kandambili! Ziwa la umma lisilo na mwalo ni nyumba yako isiyo na mlango: utaitazamia dirishani!"

"Sema, Mabango, sema!" Inchi alipiga meza. "Lete karatasi tusaini!"

"Karatasi ya nini? Kashushe mashua."

Mkono ukabaki juu ya meza. "Sasa ndugu yangu, mchana kweupe? Mimi huwa natoka pale alfajiri, gari nalificha msituni. Huyu Daktari akiniona ninakoelekea, kesho yuko pale pale ninapovua."

"Nani anataka vijisamaki vyako?" akafyonya Daktari.

"Mmemsikia? Kajuaje kama ni vidogo?"

"Mficha uchi hazai," ilisema sauti kutoka kwenye kona ya dirisha.

Alikuwa Mama Lempi Kettula, miaka sabini na sita, ambaye tangu asubuhi alikuwa akichovya mkate wake kwenye kahawa bila kumtazama mtu.

"Nyie mna magari ya kuvutia mashua hadi maziwa mengine," alisema. "Mimi ya kwangu ya bati naisukuma kwa mkokoteni kutoka nyuma ya kanisa. Mwalo ukifungwa leo, basi, kuvua kwangu kumeisha. Na wale paiki ninaowaloweka kwenye siki, mnaokuja kuwalamba Krismasi, muwaage."

Watu wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyesogea. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

Mama Lempi akaweka kikombe chini.

"Mkitoka mwaloni, elekezeni mdomo wa mashua kwenye msonobari uliopigwa radi. Mkifika usawa wa jiwe jeupe, zimeni injini, pigeni makasia arobaini kwenda kaskazini. Chini kuna mwamba. Upande wa majani, paiki. Upande wa mawe, besi. Toivo wangu alinionyesha mwaka tuliooana. Miaka hamsini na mitatu sijamwambia hata mchungaji."



Inchi akasimama polepole. "Loh, nimekumbuka, nimeacha moto wa sauna unawaka."

"Na mimi nina mazishi," alisema Daktari, tayari kashika kitasa.

"Ya nani?"

"Bado hatujaambiwa."

Wanaume wawili waliokuwa wakichagua ruba wakatoka na ndoo ya duka. "Jamani, ndoo yangu!" alipiga kelele Gladys, akawafuata. Sikumwona tena. Nilichoona ni kibao cha "Tumefunga" kikining'inia mlangoni na mimi na Mama Lempi tuko ndani.

Pale dirishani magari yakaanza kupita, kila moja na mashua nyuma, yakikimbizana kuelekea Ghuba ya Mierezi. Kwa kijiwe hiki siri hudumu muda wa kumeza mate. Nilihesabu saba, na shemeji wa pili wa Inchi, yule aliye hai, alikuwa mbele ya wote.

"Mama Lempi, huo mwamba ni wa kweli?"

"Mwanangu, wale wameishi kwa kupigana kamba. Ningewadanganya, wangenusa kabla sijafunga mdomo."

"Kwa hiyo umewapa."

"Nimewapa." Alikunja leso yake mara nne, halafu akaikunjua, akaikunja tena.

Nikainuka, damu inanichemka. "Hii ni dhuluma! Yaani mama wa umri wako alazimike kutoa urithi wa mumewe ili halmashauri itambue kwamba—"

"Saa nne kasoro kumi, Mabango," alinikata, huku akivaa kofia. "Njoo ushike mkokoteni upande wa pili. Yule karani anahesabu mashua, hahesabu hotuba."